Mchanga Uliopungua

Kazini walimwita Bi Wasiwasi, na hakuna aliyekumbuka jina hilo lilianzia wapi. Wengine walisema lilitoka kwa mlinzi wa getini, ambaye alishachoka kumwona akirudi mbio kutoka kituo cha basi kuuliza kama kweli alikabidhi funguo. Mwenyewe hakukasirika. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita, mwembamba, ovaroli yake imekunjwa mikono mara mbili, na alijijua: roho yake haikujua kukaa chini. Akiacha pasi nyumbani, njia nzima aliiona inaunguza meza. Mtoto akichelewa dakika kumi, yeye alishafika hospitali kwa mawazo. Mume wake, mtu wa mizaha tangu kuzaliwa, alikuwa akiwaambia wageni, "Mke wangu huyu, mvua isiponyesha ana hofu ya ukame, ikinyesha ana hofu ya mafuriko, na ikinyesha kwa kiasi anauliza kwa nini ni kwa kiasi."

Kazi yake ilikuwa mchanga.

Kisima cha gesi hakitoi gesi peke yake. Gesi huja na maji, na huja na mchanga wa huko chini, punje kwa punje, ikikimbia ndani ya bomba kwa kasi kuliko gari la barabara kuu. Ukiuacha mchanga huo upite, hula chuma kama mchwa wanavyokula mlango: nje rangi inang'aa, ndani pamebaki ganda. Kwa hiyo jirani na kisima palisimama chombo cha chuma, kirefu kuliko nyumba, ambacho wafanyakazi walikiita Pipa. Gesi iliingia kwa ubavu wa Pipa ikazungushwa ndani ya faneli ya chuma kigumu, kama kimbunga kinavyozungusha vumbi. Mchanga, kwa uzito wake, ulitupwa pembeni na kuteleza hadi chini, na gesi iliyosafika ikatokea juu kwenda zake. Chini kabisa palikuwa na chumba kidogo chenye koki mbili. Kila siku saa mbili asubuhi Bi Wasiwasi alifunga koki ya juu, akafungua ya chini, akautoa mchanga kwenye trei, akauacha uchuje maji, kisha akaupima na kuandika.

Hakuanza na koki. Alianza na koleo. Alipoajiriwa alikuwa wa kufagia na kubeba mchanga uliotoka Pipani, na kwa miaka kumi na moja aliubeba, mpaka siku moja injinia wa zamani akamkuta anamweleza dereva wa lori kwamba mchanga wa wiki hiyo si wa wiki iliyopita. Injinia akamuuliza amejuaje. Akamwonyesha vidole. Mama yake alikuwa akichekecha mchanga wa mtoni na kuwauzia waashi, na yeye alikulia hapo, chekecheo mkono mmoja na daftari la shule mkono wa pili. Alijua mchanga wa lipu na mchanga wa zege kwa kuusugua tu. Injinia yule akampeleka kozi. Akarudi na cheti, na helmeti ya rangi nyingine.

Lakini cheti hakikumpunguzia wasiwasi, kilimwongezea. Zamani alipoogopa, aliogopa kimya kimya. Sasa alikuwa na kitufe. Ndani ya chumba cha kuongozea mitambo, ukutani, palikuwa na kitufe chekundu cha kufunga kisima, na miaka miwili nyuma alikibonyeza. Alikuwa amesikia mlio mkali kama gesi inavuja. Kisima kikafungwa, viwanda vya mjini vikasimama nusu siku, watu wakapekua bomba zima kutoka mwanzo hadi mwisho. Kumbe ni bati la kibanda cha stoo lililolegea, likipigwa na upepo. Aliandikiwa barua ya onyo. Barua aliizoea, kicheko ndicho hakukizoea. Miezi sita baadaye bado watu walimsalimia, "Habari za bati, Bi Wasiwasi?"

Basi ikawa wiki ile. Kwa kawaida Pipa lilitoa kilo arobaini za mchanga kwa siku, zikizidi arobaini na tano, zikipungua thelathini na saba. Jumatatu zikatoka kilo thelathini na moja. Jumanne, kumi na nane. Jumatano asubuhi alitazama trei, akatazama mzani, akautoa mchanga mzanini na kuurudisha. Kilo sita.

Msimamizi wa zamu, mtu mnene mwenye sauti ya upole na haraka ya kwenda likizo, alifurahi kweli kweli.

"Kilo sita! Kisima kimetulia sasa. Nilisema mimi, kikizeeka kidogo kitaacha utoto."

"Bosi, kisima hakitulii kwa siku tatu."

"Mchanga ukiwa mwingi unalia. Mchanga ukiwa kidogo unalia. Tukupe nini, mama?"

Watu wawili waliokuwa pale wakacheka. Yeye naye akacheka kidogo, maana usipocheka wanakucheka zaidi.

Akarudi kwenye Pipa. Labda mchanga umeganda ndani, alijiambia, umekwama kwenye shingo ya kile chumba cha chini. Hilo lingekuwa jambo dogo, na alilitamani liwe hilo. Akapitisha maji ya presha. Yakatoka maangavu. Akachukua nyundo ya mbao akagonga ubavu wa chumba kutoka chini kwenda juu, sikio karibu. Mahali penye mchanga hutoa sauti ya gunia, mahali patupu hulia. Pote palisikika patupu. Hapakukwama kitu.

Akachota konzi ya zile kilo sita akaisugua kwa vidole. Punje nene, zenye kona. Akachota tena. Punje nene tupu. Ule mchanga laini, ule unaoteleza kama unga na ambao siku zote ulikuwa zaidi ya nusu ya trei, haukuwepo. Hapo ndipo alipopatwa na baridi mgongoni, jua likiwa kali. Mama yake alikuwa akimgombeza, "Usitazame kilichobaki juu ya chekecheo tu, mwanangu. Tazama na kilichopita." Kisima hakikuacha kuleta mchanga laini. Kiliuleta kama kawaida yake. Pipa ndilo lililoacha kuukamata. Na kama Pipa haliukamati, basi mchanga ule ulikuwa unatokea juu pamoja na gesi, unakwenda kwenye bomba, siku ya tatu hiyo.

Alitaka ushahidi wa pili, kwa sababu alijua ataulizwa kuhusu bati. Mbele ya Pipa kulikuwa na koki kubwa ya kubana gesi, inayojibana na kujilegeza yenyewe ili gesi iende kiasi kile kile. Akasoma mshale wake, unaoonyesha imefunguka kiasi gani kwa mia. Ishirini na sita. Akafungua daftari: wiki iliyopita, thelathini na mbili. Gesi ni ile ile, presha ni ile ile, lakini koki imejibana zaidi. Kwa nini ijibane, kama si kwamba njia yake imepanuka? Na kitu gani hupanua njia ya chuma kigumu, kama si kusuguliwa?

Akafunga daftari, akatia bisibisi ndefu mfukoni.

Baada ya koki ile bomba lilikwenda hatua mia mbili, likapinda kona kushuka bondeni. Na pale kwenye kona, tangu Jumatatu, kulikuwa na mpaka rangi mmoja, ndoo yake, brashi zake na rundo la msasa. Mpaka rangi huyo alikuwa mume wake.

Simu haziruhusiwi karibu na gesi, na redio ya mkononi ukisema neno wanasikia wote. Akaenda kwa miguu. Alitaka kukimbia, lakini mtu wa mitambo akikimbia watu wote hukimbia, kwa hiyo alitembea, akihesabu hatua ili asifikirie. Alimkuta mumewe amekaa chini, mgongo ameuegemeza kwenye kona ya bomba, anakunywa maji. Gesi ikishapita koki ya kubana hutanuka na kupoa, na bomba pale lilikuwa baridi kama mtungi. Kwenye siku ya joto hapakuwa na mahali pazuri pa kupumzikia kuliko pale.

"Mama Watoto! Umenifuata mpaka huku? Watu watasema tunapendana."

"Baba Watoto, toka hapo."

"Nimepumzika dakika tano tu. Toka asubuhi nasugua kutu."

"Toka kwanza, tutaongea."

Akainuka, anatabasamu bado. Mke akatoa ile bisibisi mfukoni, akaweka ncha kwenye bomba na mpini sikioni. Ilimbidi ajilazimishe kusogea, maana kila kiungo chake kilitaka kurudi nyuma. Sauti ya gesi peke yake aliijua, ni kama pumzi ndefu ya mtu aliyelala. Hii haikuwa hiyo. Ilikuwa mvua juu ya bati, mvua ya kutwa, na ilisikika zaidi upande mmoja wa kona, ule wa kushoto, karibu na pale alipokuwa ameegemea mumewe.

"Nini?" mumewe akauliza.

"Mchanga. Unapita humu."

"Basi tuna kazi moja. Mimi nasugua nje, wenyewe unasugua ndani." Akacheka. "Tutakutana katikati."

Akamtazama mke wake, na kicheko kikamfia mdomoni. Alikuwa amemwona na hofu kwa miaka ishirini na mbili, hofu ya pasi, ya watoto, ya mvua. Hofu hizo zilikuwa na maneno mengi. Hii haikuwa na neno hata moja.

"Nimebakiza kupaka mkono mmoja wa rangi," akasema taratibu.

"Acha rangi. Acha ndoo. Nenda getini, na ukikutana na mtu njiani nenda naye. Mimi nakwenda kwa bosi."

"Na wasipokusikiliza?"

Mke akamsukuma begani aondoke. Akasubiri mpaka alipomwona amepita kibanda cha stoo, ndipo akageuka.

Msimamizi alimsikiliza mpaka mwisho, hilo lazima lisemwe. Alimsikiliza, akatazama daftari, akakuna kidevu. Kisha akamwonyesha kioo cha kompyuta: kifaa cha kusikiliza mchanga kilichowekwa bombani baada ya Pipa kilikuwa kinaonyesha sifuri.

"Mashine inasema hakuna mchanga."

"Mashine hiyo imeonyesha sifuri tangu mwezi wa pili, bosi. Hata siku Pipa lilipofanyiwa usafi, gesi ikapitishwa pembeni na mchanga wake wote, ilionyesha sifuri. Nilishaandika."

"Injinia anakuja saa nane. Sasa hivi ni saa tano kasoro. Tumsubiri, apime, aamue yeye. Mimi siwezi kusimamisha mji mzima kwa sababu ya vidole vyako." Akapunguza sauti, na huenda alimwonea huruma kweli. "Na wewe una barua moja tayari. Ya pili unaijua maana yake."

Aliijua. Ya pili ilikuwa kurudi nyumbani. Ilikuwa mtoto mkubwa aliye chuoni, na mume anayepata kibarua miezi mitano na kukosa miwili. Akasimama katikati ya chumba kile chenye ubaridi wa mashine, jasho linamtoka. Akajiuliza kwa haki kabisa: je, kama ni bati lingine? Masikio yale yale yaliyomdanganya wakati ule ndiyo haya aliyonayo leo. Saa tatu tu mpaka injinia afike. Mabomba hukaa miaka. Kwa nini lipasuke ndani ya saa tatu hizi?

Kisha akaona kupitia dirishani kwamba mafundi umeme wawili walikuwa wanashuka na ngazi kuelekea kwenye kona, kubadilisha taa. Hakuna aliyewaambia wasiende. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuwaambia.

Akapiga hatua nne mpaka ukutani, akainua kifuniko cha kioo, akabonyeza.

Kwanza king'ora, halafu vishindo vya koki zikijifunga moja baada ya nyingine, halafu kimya. Watu wanaofanya kazi na gesi hawazoei kimya. Msimamizi aliinuka mpaka kiti kikaanguka.

"Umefanya nini? Mama, umefanya nini?"

"Nimefunga kisima," akasema, na akashangaa kusikia sauti yake imetulia. "Naomba watu wote wakae mbali na kona mpaka presha itolewe. Halafu uniandikie barua."

Simu zikaanza kulia, kwanza moja, kisha zote. Msimamizi akawa anajibu huku akimtazama kwa jicho ambalo hakuwahi kumtazama nalo. Gesi iliyobaki ikapelekwa kwenye mnara ikachomwa, na geji ya presha ikashuka mpaka chini. Bi Wasiwasi akakaa kwenye benchi la nje, na kwa zaidi ya saa mbili hapana aliyekuja kukaa naye isipokuwa mume wake, aliyerudi kutoka getini bila ruhusa. Alikaa tu. Hakutania.

Injinia, mwanamke mfupi mwenye miwani, alifika kabla ya saa nane na kipima unene wa chuma mkononi. Kwenye kona palikuwa na alama nne za rangi nyeupe, mahali panapopimwa kila mwaka. Akapaka ute wa kupimia, akaweka kifaa kwenye alama ya kwanza.

"Milimita kumi na nukta nne." Ya pili. "Kumi na nukta moja." Ya tatu, ya nne. Zote kumi na kitu. Bomba jipya huwa kumi na moja.

Msimamizi akavua helmeti akajipangusa kipara. "Bati," akasema polepole, kama mtu anayesoma kibao. "Bati lingine."

Bi Wasiwasi alihisi uso unamwaka. Kwa muda aliona mambo yote yameisha: barua, helmeti, mabegi ya mtoto yakirudi kutoka chuoni. Lakini kulikuwa na kitu kinamkera, kama kokoto kwenye kiatu. Zile alama zilikuwa nyuma ya kona, pale ambapo gesi ikienda moja kwa moja hugonga. Mvua aliyoisikia haikuwa nyuma.

"Injinia, samahani. Pima hapa ubavuni. Kushoto."

"Ubavuni hakuliwi na mchanga, mama. Mchanga hugonga nyuma."

"Ukienda moja kwa moja. Huu umetoka kwenye Pipa unazunguka. Kama faneli ya ndani imetoboka, utakuwa bado unazunguka mpaka hapa. Pima tu, halafu nitanyamaza."

Injinia akamtazama juu ya miwani. Akapaka ute upande wa kushoto, kwenye rangi ya jana iliyokuwa haijakauka sawasawa, akabandika kifaa. Akakitoa, akafuta ncha yake kwa kitambaa, akakijaribu kwenye kipande cha chuma ambacho unene wake unajulikana, akakirudisha.

"Ngapi?" msimamizi akauliza.

"Mbili na nukta tatu." Akasogeza kifaa chini kwa upana wa kiganja. "Moja na nukta tisa." Akainuka taratibu sana, ingawa bomba lilikuwa tupu, akarudi nyuma hatua tatu. "Tukikuta chini ya sita tunafunga. Hili... sijui. Siku mbili. Au lingeweza kupasuka leo jioni."

Rangi pale ubavuni ilikuwa na alama ya kitambaa, michirizi ya ovaroli iliyogandana na rangi kabla haijakauka, upana wa mgongo wa mtu. Mume wake aliiona. Yeye naye aliiona, na wakati huo ndipo machozi yalipomtoka, yale aliyoyazuia tangu asubuhi.

Pipa walilifungua kesho yake. Faneli ya ndani ilikuwa imekatika pande mbili kama ganda la yai, na kipande kimoja hakikuonekana kabisa. Kisima kilifungwa siku kumi na tisa. Kona ikakatwa, koki ikabadilishwa, na kile kifaa cha sifuri kikang'olewa na kuletwa kingine. Barua ilikuja kweli, lakini haikuwa ya onyo. Ilikuwa mistari mitatu ya shukrani, na jina lake limekosewa herufi mbili. Msimamizi hakumwomba radhi kwa maneno. Alimletea kiti chenye mto kwenye kibanda chake cha mzani, akakiweka, akaondoka kabla hajaulizwa. Jina la Bi Wasiwasi lilibaki, ila watu walilitamka kwa namna nyingine, kama wanavyosema "daktari".

Kilichomtisha siku zile kilikuwa nyumbani. Mume wake alikuwa hatanii. Alikula, aliosha vyombo, aliwajibu watoto, lakini mizaha ilikuwa imekauka. Siku ya nne, Jumapili mchana, mke akamkuta amesimama jikoni, sahani mkononi, maji yanamwagika bure.

"Nilikuwa naegemea pale kila siku," akasema bila kugeuka. "Nilishamwambia na fundi umeme mmoja aje, kuna baridi nzuri."

Mke akafunga bomba la maji. Siku zote yeye ndiye aliyekuwa akitulizwa, hakuwa na uzoefu wa upande wa pili. Akamshika mkono wenye povu, wakasimama hivyo mpaka mtoto mdogo akaingia kuuliza kama chakula kimeungua.

Kisima kilipofunguliwa tena, mume alikuwa ameomba kazi ya kupaka rangi ofisi, ndani, mbali na bomba lolote. Wiki ya kwanza alirudi nyumbani analalamika hata kabla hajavua viatu. Kuta ni nyeupe, dari nyeupe, milango myeupe, na makarani wote wanamwambia asiwachafulie karatasi.

"Nitakufa kwa kuchoka, Mama Watoto. Huko hata kutu hakuna ya kuongea nayo."

"Choka tu," akamwambia, akimwekea sahani. "Choka mpaka uzeeke."

"Na wewe? Leo mchanga umekuwaje?"

"Kilo arobaini na nne."

"Nyingi hizo. Hazikutii wasiwasi?"

Akafikiri kidogo. "Kidogo," akasema, na mume wake akacheka mpaka akapaliwa na maji, na yeye akainuka haraka kumpiga mgongoni.